Mazao Yamehesabiwa, Wafanya Kazi Je?

(Maneno ya ndugu mmoja wa reli kwa wanachama wa Ndabibi)



Huenda mtu akauliza, "Huyu wa reli ana neno gani na jembe?" Analo. Nafaka na mbolea ni mizigo ya behewa, na behewa tupu halilipi mshahara wa mtu.

Basi leo tupige hesabu pamoja. Mwaka 2023 kilimo, pamoja na mifugo, misitu na samaki, kilitoa zaidi kidogo ya moja kwa tano ya pato lote la Kenya. Yaani katika kila shilingi tano, moja ilitoka huko. Wala hiyo si bei ya gunia sokoni. Wenye kuhesabu huondoa kwanza gharama za mbegu, mbolea na mafuta ya trekta. Kinachobaki ndicho thamani. Hata chakula mnacholima na kukila nyumbani hukadiriwa na kutiwa humo.

Sasa tutazame watu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta nyumba zaidi ya milioni 12, na kama milioni 6.4 katika hizo hulima. Ni zaidi ya nusu. Hata kama wengi wana kazi nyingine kando, fungu la kila mmoja katika ile shilingi ni dogo. Na walioandikwa kazi ya mshahara mashambani ni kama laki tatu tu. Mama apandaye mahindi na maharagwe hapa Ndabibi, na kijana achimbaye viazi vya mwenziwe kwa siku mbili, hawamo.

Aliyeandikwa naye hali yake si nzuri. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 ilimwekea kibarua wa shamba asiye na ufundi shilingi 7,997 kwa mwezi, na kibarua wa Nairobi shilingi 16,113. Mwenye kulisha aliwekewa nusu ya mwenye kulishwa.

Tufanyeje? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo kwa tajiri mmoja hata siku zake zikatimia mwezi, ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi. Lakini atazithibitishaje siku hizo, kama hakuziandika?

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Kila mmoja anunue daftari dogo. Aandike tarehe, shamba, kazi aliyofanya na pesa alizopokea. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake wa shule. Penye ugomvi, daftari hilo lipelekwe kwa katibu wa chama, apate neno la kusema mbele ya tajiri.

Mazao yetu yamekwisha kuhesabiwa. Na sisi tujiandike.