Mkono wa Mrushaji: Je, Kesho Yake Hubashirika?



Tarehe 24 Februari 2003, uwanjani Gymkhana, Nairobi, mrushaji wa Kenya Collins Obuya aliwatoa wapigaji watano wa Sri Lanka kwa mikimbio 24 tu. Kenya ikashinda, na mwezi uliofuata ikacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Klabu ya Warwickshire ya Uingereza ikamsajili. Mambo hayakumwendea vyema huko, na mipira yake ya mzunguko ikapoteza makali. Kufikia Kombe la Dunia la 2011 alitegemewa kama mpigaji: alifunga mikimbio 98 bila kutolewa dhidi ya Australia.

Nani angelijua? Wamarekani wamelihangaikia swali hili la kubashiri kesho ya mrushaji katika besiboli. Mwaka 2001 mchambuzi Voros McCracken aliwashtua kwa hoja hii: mpira ukishapigwa ukabaki uwanjani, kudakwa au kutodakwa kwake hakumtegemei sana mrushaji. Basi tazama yaliyo mikononi mwake: wapigaji anaowatoa kwa straiki tatu, anaowapa njia ya bure kwa kukosa shabaha, na mipira inayopigwa ikavuka uzio. Aliyebebwa na wadakaji hodari mwaka huu huenda akaporomoka mwakani, na watu waseme amelogwa.

Kisha kuna mwili. Kasi ya mrushaji kwa kawaida huanza kushuka kabla hajafika miaka 30, na kano ya ndani ya kiwiko huchakaa kwa kila mrusho. Kwa mtoto hatari iko kwenye mfupa wenyewe, kwani ncha zake zinazokua bado ni laini. Ligi ya watoto ya Marekani, ambayo vijana wa Lugazi, Uganda, walizifikia fainali zake za dunia mwaka 2012, humruhusu mwenye miaka 11 au 12 mirusho 85 kwa siku. Akizidisha 65, hupumzika siku nne.

Sisi je? Katika mashindano ya shule Migori na Homa Bay tunamsifu anayeshinda kurusha mkuki, wala hatuulizi kama amewazidi wenzake miaka miwili. Kijana aliyeshinda akiamia ndege kwenye mtama, akivurumisha mawe tangu alfajiri, jioni tunamwita mazoezini arushe tena. Mwalimu, andika umri wake, mirusho yake na siku ya kwanza aliposhika kiwiko. Daftari hilo litakueleza mengi kuliko kikombe cha kaunti.

Hata hivyo, msiapie daftari. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano ya mkono mmoja wa mrushaji wa besiboli Tommy John akaipandikiza kwenye kiwiko cha mkono wake wa kurushia. Alikadiria kwamba nafasi ya kurejea ilikuwa moja katika mia. John alishinda mechi 164 zaidi, akastaafu 1989 akiwa na miaka 46.