Chakula Kinachofika Mdomoni: Utapiamlo na Virutubisho katika Makao ya Wazee



Nitautumia mhadhara huu kutetea jambo moja. Mzee akikonda, tusidhani kuwa ni uzee tu unaomkondesha. Ana utapiamlo, na utapiamlo una tiba. Sehemu ya tiba hiyo huuzwa ndani ya chupa. Sehemu kubwa zaidi ni muda wa mtu anayeketi naye akamlisha, na huo ndio tunaoubania.

Tuanze na mwili wenyewe. Umri ukisonga, pua na ulimi hupoteza makali, tumbo huchelewa kusukuma chakula, na homoni za shibe humwambia mtu ameshiba angali hajala vya kutosha. Daktari John Morley wa Marekani aliieleza hali hii tangu miaka ya 1980. Juu yake ongeza meno yaliyong'oka, vidonge vinavyokausha mate au kutia kichefuchefu, sonona, upweke na usahaulifu. Kijana akiugua wiki mbili hukonda, kisha hula na kurudia hali yake. Mzee hupoteza misuli, na misuli ya uzeeni hairudi upesi. Misuli ikipungua, mzee hushindwa kuinuka kitini, huanguka, huvunjika, hulazwa. Na akilazwa hula kidogo zaidi.

Ushahidi mmojawapo wa udhaifu huo ulitoka kwetu. Katika miaka ya 1990, Saskia Pieterse na wenzake waliwapima wakimbizi wazee wa Rwanda katika kambi wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Mbali na hali ya lishe, walipima pia nguvu ya mkono katika kushika na kubana kitu. Waliokuwa na lishe duni walikuwa na mikono dhaifu, hata baada ya kuzingatia umri, jinsia na kimo. Naomba mwuweke moyoni mkono huo dhaifu, kwa sababu nitaurudia.

Sasa tuje kwenye kirutubisho cha chupani. Vinywaji vya lishe vinavyotumika hospitalini na katika makao ya wazee ng'ambo huja katika chupa ndogo za mililita 125 hadi 200. Chupa moja huwa na takriban kilokalori 300, protini, vitamini na madini. Mwongozo wa jumuiya ya Ulaya ya lishe tiba, ESPEN, uliochapishwa mwaka 2019, unataka mzee mwenye utapiamlo apate kwenye virutubisho hivyo angalau kilokalori 400 na gramu 30 za protini kwa siku, kwa mwezi mmodi au zaidi, kisha apimwe upya.

Je, vinasaidia? Mwaka 2009, Anne Milne na wenzake walikusanya kwa ajili ya Cochrane, mtandao wa mapitio ya tafiti za tiba, majaribio 62 yenye washiriki zaidi ya 10,000. Uzito uliongezeka kwa wastani wa asilimia 2.2. Kwa wazee wote kwa jumla vifo havikupungua. Dalili ya kupungua ilionekana kwa wale waliokuwa na utapiamlo tangu mwanzo. Funzo lake liko wazi: kirutubisho ni tiba ya mgonjwa aliyepimwa akajulikana. Kumgawia kila mzee bila kipimo ni kutumia fedha mahali pasipo na faida na kumkosa anayehitaji.

Lakini tuitazame chupa hiyo ikiwa mezani. Ina kifuniko cha plastiki kilichobanwa, au utando wa karatasi ya fedha unaotobolewa kwa mrija mwembamba. Mbele yake kuna bibi mwenye baridi yabisi vidoleni, mwenye mkono ule ule dhaifu tuliousema. Mhudumu ameiweka, amesema, "Bibi, kunywa dawa yako," na ameondoka, kwa kuwa ana vitanda vingine kumi. Baada ya saa moja chupa inaondolewa ikiwa imejaa. Kwenye daftari inaandikwa kwamba amepewa. Amepewa kweli, ila hakunywa.

Sandra Simmons na wenzake walilipima pengo hili katika makao ya wazee ya Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Katika huduma ya kawaida, mzee alisaidiwa dakika 5 hivi kwa mlo, na chini ya dakika 1 kwa kitafunwa au kinywaji cha katikati ya milo. Msaada uliolinda uzito ulihitaji dakika 42 kwa mlo na 13 kwa kitafunwa. Nawaomba wakuu wa wizara na wamiliki wa makao mlioko hapa mzitazame namba hizo mnapopanga idadi ya walezi wa zamu, kwa sababu hakuna chupa itakayofidia dakika zilizokosekana.

Jikoni nako kuna tiba. Huko Australia, Sandra Iuliano wa Melbourne na wenzake walifuatilia makao 60 yenye wakazi 7,195 kwa miaka miwili. Nusu ya makao yaliongeza maziwa, mtindi na jibini kwenye milo ya kawaida hadi protini ikafika takriban gramu 69 kwa siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha mivunjiko ya mifupa kupungua kwa asilimia 33, ya nyonga kwa asilimia 46, na kuanguka kwa asilimia 11. Vifo havikupungua, lakini kumwepusha bibi wa miaka 86 na kuvunjika nyonga ni kumwepusha na kitanda asichoinukia.

Uholanzi nako, Kristel Nijs na wenzake walibadili namna ya kula: vitambaa mezani, mabakuli ya kupakuliwa, wahudumu wakiketi na wazee, dawa zisigawiwe wakati wa mlo. Baada ya miezi sita, mabadiliko ya uzito wa wazee hao yalikuwa bora kwa kilo 1.5 kuliko ya walioletewa trei zilizokwisha kupakuliwa. Sisi tuliolelewa kula sinia moja hatuhitaji kushawishiwa sana juu ya hilo. Tunachohitaji ni kutoliacha mlangoni tunapojenga makao.

Nasi makao tunayo: Sebleni na Welezo kule Unguja, Limbani Pemba, Nunge Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, na mengine ya mashirika ya dini, Kenya na Tanzania. Chupa za kutoka nje ni ghali. Basi tufanye hesabu. Chukua kikombe cha uji, tia gramu 30 za maziwa ya unga yasiyotolewa mafuta na vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga. Umeongeza takriban kilokalori 340 na gramu 15 za protini. Vikombe viwili kwa siku, kati ya milo, vinafikia kiwango cha ESPEN cha nishati na protini. Vitamini na madini vitafutwe kwenye mayai, dagaa, mboga na matunda laini. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo, au anayepaliwa akimeza, aonwe kwanza na daktari. Aliyekaa siku nyingi bila kula aanzishwe polepole, maana kumlisha ghafla kunaweza kuvuruga madini ya damu hadi kumwua.

Kupima nako hakuhitaji mitambo. Mzani mmoja na daftari vinatosha kumjua anayepungua mwezi hadi mwezi. Mgongo ukiwa umepinda na kimo hakipimiki, futi ya fundi cherehani izungushwe kwenye shavu la mguu: chini ya sentimita 31 ni dalili ya hatari katika MNA, kipimo cha hali ya lishe ya wazee kinachotumika duniani kote.

Ninapendekeza mambo matatu. Kila mzee katika makao apimwe uzito kila mwezi. Kila daftari liandike kiasi alichokula, badala ya alichopewa. Na saa za kulisha zihesabiwe katika bajeti kama dawa zinavyohesabiwa. Idara yangu itawafundisha wanafunzi wa uuguzi na lishe kumlisha mzee kwa subira na usalama, na somo hilo litatahiniwa. Wazee hawa walitulisha tulipokuwa hatuwezi kushika kijiko. Kuwalisha wao ni deni, na tuna uwezo wa kulilipa.