Mitutu Pacha, Kasi Mbalimbali

Hapa Kitengela, ambako nyumba zinazidi kuyasogelea maboma ya wafugaji, yatupasa kufahamu kwamba bunduki mbili za namna moja, zikitiwa risasi za sanduku moja, aghalabu hazirushi kwa kasi moja.

Kwa nini? Mtutu ambao tundu lake limebana, japo kwa kiasi cha unywele, huizuia gesi ya baruti isivuje, shinikizo likapanda, na risasi ikatoka kwa kasi kupita ilivyotarajiwa. Mtutu mrefu nao huipa gesi muda zaidi wa kuisukuma risasi, ilhali uliolika huipunguzia kasi.

Wako wasemao, nao wana hoja, kwamba kasi humfaa askari wa wanyamapori, maana risasi yake haishuki upesi. Lakini, kwa upande wa pili, shinikizo lililopita kiasi laweza kuidhuru silaha na mwenye kuishika, na risasi iliyokosa shabaha, ambayo hata katika bunduki ya kawaida aina ya G3 hutoka kwa takriban mita 800 kwa sekunde, huweza kufika mbali mno, hata kwenye nyumba na maboma haya.

Tangu 2021 tunacho kiwanda cha bunduki Ruiru. Je, mitutu mipya, na ile mikongwe ya polisi wa akiba, nani aipimaye, na raia ataarifiwa lini?