Kisukari Kinapofika Kwenye Figo

Figo haina kelele. Mwenye kisukari anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo zake bila maumivu yoyote. Miguu ikianza kuvimba, mara nyingi uharibifu umeshaenda mbali.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni 1. Sukari nyingi na presha ya juu huvichakaza polepole, hadi albumini, protini inayotakiwa kubaki kwenye damu, ianze kupenya kwenye mkojo. Kipimo cha mkojo huinasa mapema. Wenye kisukari cha aina ya 2 hutakiwa kupimwa tangu wanapogundulika, kisha kila mwaka.

Dawa zipo. Mwaka 1993 utafiti ulionyesha kwamba kaptoprili, dawa ya presha, hupunguza kasi ya figo kuharibika. Mwaka 2019 kanagliflozini, inayotoa sukari kupitia mkojo, nayo ikathibitika. Figo zikishindwa kabisa, hubaki kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, au kupandikizwa figo, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Tanzania, iliianza 2017.

Msikilizaji mwenye kisukari, ukienda kliniki omba kipimo cha mkojo. Na diklofenaki, dawa ya maumivu, usinywe kiholela: huumiza figo.