Muda Nao ni Hisa

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya Kamati siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu, Morogoro)

  

 Taarifa ya fedha mmekwisha kuisikia kwa Mweka Hazina, na kisanduku chetu chenye kufuli tatu mnakiona pale mezani. Sisi tumepewa dakika chache tuzungumzie jambo ambalo halimo katika daftari la hesabu, nalo ni muda wetu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa upande wa fedha neno hilo tumelishika. Tulipoanza tulifundishwa kuwa hisa hainunuliwi kwa hela iliyobaki, maana hela haibaki. Unaiweka kando kwanza, ndipo unapanga matumizi. Lakini muda, jamani! Muda tunautumia wote, halafu tunasema kitakachobaki ndicho cha Mungu, cha watoto na cha wazazi. Nacho hakibaki.

Itazameni siku yetu. Alfajiri tuko sokoni kupokea ndizi na mboga zinazoshuka milimani. Mchana tuko kwenye meza ya biashara. Jioni tunahangaikia marejesho. Usiku simu iko mkononi: ujumbe wa kikundi hiki, mchango wa harusi ile. Mtoto akiuliza swali la shule anajibiwa, "Subiri kwanza." Hata sala tunaisali jicho likiwa kwenye simu.

Wengi wetu asili yetu ni Uluguru. Soko Kuu la hapa mjini lilifunguliwa mwaka 2021 na kupewa jina la Chifu Kingalu, ambaye kiti chake kiko Kinole. Kila siku tunaingia sokoni chini ya jina la kwetu, lakini kwetu kwenyewe hatupandi. Na kwa mila ya Kiluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Sasa ukimsahau mama, umebaki na nini?

Kwa ruhusa yake tunaeleza habari za mwenzetu mmoja. Mama yake alikuwa akiishi peke yake huko juu. Mwenzetu huyu hakuwa mtoto mbaya. Kila mwezi alimtumia mama yake hela kwa watu waliokuwa wakipanda. Mama naye alirudisha salamu zilezile: "Hela nimepata. Mwenyewe anakuja lini?" Jibu lilikuwa Jumapili ijayo. Mara masika yameharibu barabara, mara mzigo umeingia, mara kuna kikao.

Hapo ndipo na sisi tunapoingia. Wakati ule tulikuwa tukikutana Jumapili, na asiyefika alitozwa faini. Jumapili moja mwenzetu alifunga safari moyoni, akaogopa faini, akaja kwenye kikao. Alilipa marejesho yake yote, tukampigia makofi. Jumanne asubuhi ikaja taarifa ya msiba.

Tulipanda wote kwenda kuzika, na rambirambi tulitoa katika mfuko wa jamii bila mtu kunung'unika. Walipokusanya vitu vya marehemu walikuta hela imefungwa kwenye pindo la khanga. Nyingi hazikuguswa. Mwenzetu alikaa chini akaishika ile khanga, wala hakuzihesabu.

Tuliporudi tulijiuliza wenyewe. Kikundi kilikuwa na fungu la kumzika mama, ila hakikuwa na kifungu cha kumruhusu mtoto akamwone mama akiwa hai. Tukaona aibu, na tukaifungua katiba yetu.

Tukapitisha mambo manne. Kwanza, kikao kikahamia Jumatano, kisigongane na Ijumaa ya Waislamu wala Jumapili ya Wakristo. Pili, simu zote huwekwa kwenye kikapu, na kikao hufungwa mapema kila mtu awahi nyumbani. Tatu, dua na sala ya kufungua kikao isiharakishwe kama kugonga mhuri. Nne, mwanachama akienda kumwona mzazi au mgonjwa wake hatozwi faini.

Hatukukubaliana mara moja. Wapo waliosema watu watadanganya, na kweli wawili waliaga kwamba wanapanda mlimani, wakaonekana sokoni! (Msicheke, wamo humu ndani, na faini walilipa.) Lakini kifungu hatukukifuta. Wengine walipanda kweli, wakarudi na viazi vikuu na baraka za wazazi.

Akina mama wenzetu, hatusemi biashara iachwe. Ada na kodi ya nyumba hazilipwi kwa salamu. Tunasema muda wa Mungu na wa watu wetu uwekwe kando kwanza, kama tunavyoweka hisa, kisha biashara ipangwe katika unaobaki. Hisa za kisanduku tutagawana mwisho wa mzunguko, na tukikosa mwaka huu tutanunua mwakani. Saa ya kukaa na mama hainunuliwi mwakani.

Basi mwenye mama hai asingoje Jumapili ijayo. Apande wiki hii, hela aiweke mkononi mwa mama mwenyewe, na akae hadi chakula kiive.