Juu ya Kumwita Mshauri kwa Ujenzi wa Kanisa Jipya

Hotuba ya mwenyekiti wa Baraza la Uchumi, iliyosomwa mbele ya waamini katika maandalio ya Yubile



Nimepewa kazi ya kusema juu ya jambo moja tu, na jambo lenyewe si tamu sana masikioni katika siku za sherehe. Tangu Baraza la Parokia lilipokata shauri kwamba kanisa letu halitoshi tena, sauti mbili zasikika katika Mashirika. Moja yasema: tuanze mara moja, matofali yapo, vijana wapo, mwaka wa Yubile usipite bure. Ya pili yauliza: kwa nini Baraza la Uchumi lataka kumlipa mtu ambaye hataleta hata tofali moja, mtu atakayetazama, kuuliza maswali na kuandika makaratasi? Swali hili latoka kwa watu wanaotoa jasho lao kila Jumapili. Lastahili jibu.

Kanisa tunalosalia leo halikujengwa bila mshauri. Wazee walioko hapa wamesikia kwa baba zao namna ilivyokuwa: katika misioni nyingi za Mapadri Weupe walikuwako Mafurere waliojua kupima, kuchora, kupasua mbao, kuchoma matofali na kusimamisha paa. Furere alizunguka kilima na kamba yake, akachimba hapa na pale, akasugua udongo katikati ya vidole, akatazama maji ya mvua yanapita wapi. Hakuna mkristu aliyeombwa kumlipa. Kwa hiyo watu walizani akili ile haina bei. Ilikuwa nayo, ila ililipwa mbali na macho yetu, na jamaa yake ya kitawa na wafazili wa Ulaya. Tangu tarehe 10 Novemba 1959, siku Papa Yohane XXIII aliposimika majimbo kamili katika Kongo, Kanisa hili ni letu. Furere wa namna ile ni vigumu kumpata leo, na kazi ya kuketi na kuhesabu, kama yule mtu wa Injili ya Luka aliyetaka kujenga mnara, imetuangukia sisi.

Tena sheria yenyewe yatuagiza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1215, yakataza kujenga kanisa bila kibali cha Askofu kilichoandikwa. Naye Askofu hakitoi kabla hajasikiliza baraza lake la mapadri na wakuu wa makanisa ya jirani, na kabla hajaona kwamba mali ya kumaliza kazi na ya kutunza ibada itapatikana. Kanuni inayofuata, 1216, yataka wenye ujuzi waombwe shauri lao katika kujenga na kutengeneza makanisa. Anayesema mshauri ni anasa ya watu wa mji, Padri Paroko ana kitabu hicho mezani, amwombe amfungulie.

Lakini hata kama sheria ingenyamaza, nchi yetu isingenyamaza. Kivu ni nzuri kwa macho. Kwa kujenga ni nchi ya kuogopa. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, udongo ulitetemeka karibu na Bukavu, kwa kipimo cha karibu 6. Ng'ambo ya Ruzizi, katika Rwanda, kanisa liliwaangukia watu waliokusanyika kusali, na wengine hawakutoka wazima. Walikuja kusali, kama sisi. Ukuta mrefu wa matofali usiofungwa juu kwa mkanda wa beto na vyuma hufunguka pembeni kama kikapu kilichokatwa ukingo. Mwenye ujuzi husema mapema vyuma vipite wapi na nguzo zisimame wapi. Ukuta ukiisha kupanda, kuvitia ndani ni kubomoa upya.

Kiwanja cha juu, kile kinachopendwa na wengi kwa sababu kanisa litaonekana toka ziwani, kina neno lake. Chini yake kuna chemchemi mbili. Je, kimelala juu ya mwamba, au juu ya udongo ulioteremka zamani na unaoweza kuteremka tena, kama tunavyoona miteremko mingi ya Bukavu ikikatika kila masika? Hatutajua mpaka mashimo yachimbwe na mtu anayejua kuyasoma ashuke ndani.

Mtu aliniambia: kanisa kuu la Goma lilijengwa na wenye akili, na Nyiragongo iliangamiza tarehe 17 Januari 2002. Ni kweli. Mshauri hazuii mlima wa moto. Hutupunguzia tu maafa yale tunayojitengenezea wenyewe, nayo ni mengi ya kutosha.

Kuna pia karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema udongo wote ni mali ya Serikali, na sisi tunapewa haki ya kuutumia tu. Mipaka iliyoandikwa katika cheti cha misioni, je, ni ile ile tunayoionyesha kwa mkono? Nyumba ngapi zimesogea ndani yake? Mshauri atapima na kulinganisha kabla ya kuomba ruhusa ya kujenga. Afazali ugomvi wa mpaka uishe mbele ya jiwe la msingi kuliko nyuma yake.

Sasa hesabu ya watu. Wengine wasema tujenge kwa watu 1.200. Tukitoa mita moja ya mraba kwa kila mtu, njia za kupita zikiwemo, twapata nyumba ya mita 20 kwa 60, na altare haijahesabiwa. Ni mti gani utakaovuka mita 20 bila nguzo katikati? Mikaratusi yetu, ikikatwa leo na kupandishwa kesho, hupinda, na manjanja hufuata. Labda kanisa la watu 800 na misa moja zaidi litatufaa. Labda tutajenga kwa sehemu mbili, ya kwanza ikiwa na paa na milango kamili. Mimi sina jibu, na ndiyo sababu tunamtafuta mwenye kujua.

Wala asiulize wanaume wa Baraza peke yao. Misale ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988, yataka watumishi wacheze kuzunguka altare, na waamini waje na matoleo kwa maandamano. Altare iliyobanwa ukutani haizungukwi. Mama mwenye kikapu cha ndizi kichwani hapiti katika njia ya sentimita 60, wala wachukuzi wa sanduku la marehemu. Mahali pa kwaya, pa mama wenye kunyonyesha, pa wazee wasioweza ngazi: mambo hayo wanayajua wanaoyateseka, basi waulizwe wao.

Juu ya mtu mwenyewe, Baraza la Uchumi laomba hivi. Asiwe muuza simenti wala mwenye kampuni itakayojenga, maana hapo atajishauri mwenyewe. Awe amesimamia majengo makubwa tunayoweza kwenda kuyatazama, na kuuliza wenyewe kama paa lavuja. Mapatano yaandikwe, yakisema ataleta nini: vipimo vya kiwanja, habari ya udongo, mchoro wa kwanza, na devi ya kweli hata ikituuzi. Alipwe kwa mafungu, kila fungu baada ya kazi kuonekana. Michoro ibaki mali ya parokia. Nasikia pia kuna mtoto wa ndugu yetu mmoja anayetaka kutuchorea bure. Tunamshukuru sana, alete mchoro wake, nao utapimwa kama wa wengine. Mchoro wa bure una shida moja: ukiwa mbaya, nani atathubutu kuukataa?

Feza ya mshauri haitachukuliwa katika sanduku la matofali. Baba Paroko amekubali sanduku la pembeni, na hesabu yake itasomwa kanisani kila mwisho wa mwezi. Kwa Jumapili ijayo kila Shirika lilete hesabu ya watu wake, wakubwa na watoto, pamoja na majina ya wazee watatu wanaokumbuka maji yalipita wapi katika mvua kubwa za zamani. Vijana wenye majembe wabaki baada ya misa ya pili: tutapanda kiwanja cha juu kutia alama mahali pa mashimo.