Si Sindano, ni Benchi

Kupima virusi vya Ukimwi kumezoeleka. Tangu 2017 kuna hata kifaa cha kujipimia nyumbani. Lakini mtajie msichana huyo huyo kisonono, klamidia au kaswende, atainamisha uso. Hayo, kwake, ni magonjwa ya "wale wengine".

Hofu yake si sindano, ni benchi. Anaogopa kukutana pale na jirani au shangazi, na kufikia jioni mtaa mzima uwe na habari. Hofu hiyo ina msingi, na mhudumu anayeuliza "umeolewa?" kwa sauti mbele ya foleni huizidisha. Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri. Msichana ana haki ya kuomba azungumze chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Kwa hofu hiyo, anangoja dalili. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu wanawake wengi wenye klamidia au kisonono hawaoni dalili yoyote. Hakuna usaha, hakuna maumivu. Ugonjwa hupanda kimyakimya hadi kwenye mirija ya uzazi na unaweza kuiziba. Miaka baadaye, akitafuta mtoto, ndipo anapojua. Lawama huibeba peke yake, ilhali aliyemwambukiza pengine hakupimwa kamwe.

Mwingine hupitia duka la dawa akanunua vidonge viwili vitatu bila kipimo. Dozi nusu huwafunza vijidudu vya kisonono ukaidi.

Kuna mahali ambapo aibu hii imeshindwa: kliniki ya wajawazito. Mama akihudhuria mara ya kwanza hupimwa kaswende, awe mke wa pasta au msichana wa shule, na hakuna anayegeuza shingo. Ikipatikana, hutibiwa kwa sindano ya penisilini, na mtoto hukingwa.

Si lazima kungoja mimba. Anayefuata huduma ya kupanga uzazi anaweza kumwambia nesi papo hapo: "Nina mpenzi mpya, nataka kupimwa." Si kila zahanati ina kipimo cha klamidia, lakini maneno hayo humsaidia nesi kuamua kama atatibu au atampa rufaa. Na mpenzi aje pia. Akitibiwa mmoja tu, ugonjwa hurudi nyumba ile ile.

Wenye maswali ya faragha, nesi yuko chumba cha pili hadi saa kumi.